Kichungi Kisichochunga

Kuna takataka moja ambayo mtu mwenye heshima zake huitupa hadharani bila haya. Mtu huyo hathubutu kutupa ganda la ndizi mbele ya mlango wa jirani. Akila muhindi wa kuchoma, hutafuta mahali pa kuweka gunzi. Karatasi ya peremende ya mwanawe huikunja akaitia mfukoni mpaka nyumbani. Walakini sigara yake ikifika ncha, huibana kwa vidole viwili akairusha mtaroni pasipo hata kutazama inakoangukia. Au huiangusha chini, akaikanyaga kwa kiatu, akaondoka akiamini kwamba amekwisha kuizima. Moto ameuzima, ni kweli. Yaliyosalia hayazimiki kwa kiatu.

Wapita njia hawageuzi shingo. Hapana anayeona kwamba kosa limetendeka, kwa kuwa kipisi ni kitu kidogo, hakizibi njia, hakimwangushi mzee, na mvua ya kwanza hukiondoa machoni pa watu. Nataka, kijana msomaji, tukifuate huko kinakokwenda. Wala sitaki ufike mwisho wa insha hii ukibahatisha ninalolitafuta. Basi nalisema sasa. Kichungi cha sigara kipigwe marufuku katika Kenya, kama ulivyopigwa marufuku mfuko wa plastiki. Sisemi kikusanywe vizuri zaidi. Sisemi wavutaji wafundishwe adabu ya kukitupa, ijapokuwa adabu hiyo ni njema. Nasema kisitengenezwe, kisiingizwe nchini, wala kisiuzwe.

Kwanza tukijue kitu chenyewe. Kichungi ni ile ncha laini ya sigara ambayo mvutaji huitia mdomoni. Kikipasuliwa huonekana nyuzi nyeupe zilizosongamana, na aghalabu watu hudhani ni pamba. Si pamba. Ni plastiki iitwayo selulosi asetati, na ndani ya kichungi kimoja mna nyuzi zake zaidi ya 12,000. Wanaokitetea husema kwamba plastiki hii asili yake ni mti, na mti huoza, basi na kichungi kitaoza. Hoja hii ina nusu ya ukweli. Selulosi hutoka katika mti, naam. Lakini kiwandani hubadilishwa kwa kemikali za jamii ya ile tindikali iliyomo katika siki, hata ikawa kitu kingine. Vijidudu vya udongoni, ambavyo huula mti ulioanguka msituni mpaka ukawa mboji, huijua selulosi kama ng'ombe ajuavyo majani. Hii iliyobadilishwa havitambui kuwa ni chakula. Kwa hiyo kipisi hukaa miaka kadhaa, na katika hali fulani zaidi ya miaka 10, kikivunjikavunjika na kuwa nyuzi, na nyuzi zikawa vumbi la plastiki; lakini kuvunjika si kuoza. Ukivunja chungu vipande mia, bado una udongo wa chungu kile kile.

Hiyo ni plastiki peke yake, na kama ingalikuwa ni plastiki peke yake pengine nisingaliushika wino. Fikiri kazi iliyotajwa kuwa ni ya kichungi. Kazi yake ni kuuzuia uchafu wa moshi usipite wote kwenda mapafuni. Maadamu ameuzuia kiasi, uchafu huo u wapi? Umo ndani yake. Sigara ikiisha, kichungi kimejaa nikotini, lami ya moshi, na chembe za madini kama vile aseniki, risasi na kadimiamu. Nikotini, kumbuka, si kitu cha kuchezewa: mkulima wa zamani aliloweka majani ya tumbaku katika maji na kunyunyizia mimea yake ili kuua wadudu, na dawa za wadudu za nikotini ziliuzwa madukani kwa miaka mingi. Basi kipisi kilichotupwa ni kifuko cha sumu kilichofungwa kwa nyuzi, tena hakikufungwa kwa nguvu. Kikikutana na maji hufunguka.

Kinafunguka upesi kiasi gani? Wataalamu wa Berlin, katika Ujerumani, walilipima jambo hili, na matokeo yao yakatolewa mwaka 2014. Waliviweka vipisi chini ya maji ya mfano wa mvua wakaangalia nikotini inavyotoka. Nusu ya ile iliyotoka ilikuwa imekwisha kutoka katika dakika 27 za kwanza. Hesabu hiyo ni ya kutisha kwa mtu aishiye nchi ya mvua za masika, kwa maana mvua yetu haina haja ya kunyesha siku nzima. Kipindi kimoja cha darasa hakijaisha, na sumu i mtaroni. Wataalamu hao wakakadiria kwamba nikotini ya kipisi kimoja yatosha kuchafua lita 1,000 za maji hata zikapita kiwango kinachohesabiwa kuwa ni salama kwa viumbe wa majini.

Lita 1,000 ni tarakimu iliyo nyepesi kuandika. Kwa wewe uliyezaliwa mahali pasipo na bomba, niiandike kwa namna nyingine: ni mitungi 50 ya lita 20. Jipige hesabu ya safari za kwenda mtoni na kurudi, mtungi kichwani au mgongoni, na uulize ni siku ngapi nyumba yenu ingetumia maji hayo. Sisemi kwamba kiasi hicho kitamwua binadamu atakayeyanywa. Sitaki kukutisha kwa jambo lisilo kweli, kwani hoja nzuri haihitaji chumvi. Anayeanza kuumia ni kiumbe mdogo wa majini, yule ambaye samaki humla, na samaki tunamla sisi.

Na samaki mwenyewe? Alipimwa. Katika Chuo Kikuu cha Jimbo la San Diego, katika Marekani, wataalamu waliloweka vipisi katika maji, kisha wakatia samaki wadogo wa aina mbili, wa baharini na wa maji baridi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Kiasi cha kipisi kimoja hivi chenye masalio ya tumbaku katika kila lita ya maji kiliua nusu ya samaki kwa muda wa siku nne, wa baharini na wa mtoni sawasawa. Wakajaribu vichungi vitupu vilivyokwisha kuvutwa, tumbaku imeondolewa: samaki wakafa. Wakajaribu hata vichungi ambavyo havijapata kuvutwa, safi kama vilivyotoka kiwandani. Vilihitajika vingi zaidi, lakini navyo viliua. Hilo la mwisho nalipenda likae akilini mwako, kwa sababu laonyesha kwamba ubaya hauko katika moshi peke yake. Kichungi chenyewe kina lake.

Sasa tukitoe kipisi katika chupa ya wataalamu tukiweke katika mji. Tuchukue Nairobi, kwa sababu ni mji wetu mkubwa, na kwa sababu jina lake limetoka katika maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi. Katika kituo cha matatu mtu hununua sigara moja kibandani, huivuta akingoja gari lijae, kondakta hupiga kelele ya mwisho, na kipisi huanguka pale pale. Mvua huja. Mtaro wa mvua haupeleki maji kiwandani yakasafishwe. Huyapeleka mtoni moja kwa moja. Mto Nairobi, ulioanzia katika kinamasi cha Ondiri karibu na Kikuyu, hukipokea kipisi hicho pamoja na wenzake, hupita kando ya soko la Gikomba, hushuka Dandora, na huko mashariki hujimwaga katika Mto Athi. Athi huteremka Maporomoko Kumi na Manne, hukata Ukambani, hupokea maji ya Mto Tsavo, na tangu hapo huitwa Galana. Hupita katika mbuga ya Tsavo Mashariki mahali wanyamapori wanapokuja kunywa. Kisha hubadilisha jina mara nyingine ukaitwa Sabaki, ukaingia katika Bahari ya Hindi kaskazini ya Malindi.

Kando ya njia hiyo yote wamo watu. Wamo wanaomwagilia sukuma wiki kwa maji ya Athi, na sukuma wiki hiyo hurudi sokoni Nairobi ikaliwa na yule yule aliyetupa kipisi. Wamo wafugaji wanaonywesha ng'ombe. Katika Makueni, mahali ambapo Athi hukutana na Mto Thwake, ujenzi wa bwawa kubwa ulianza mwaka 2018 ili maji yake yawe ya kunywa na ya mashamba kwa watu wa nchi kame. Mtoto wa shule wa Makueni hajapata kumwona mtu wa kituo cha matatu cha Nairobi, wala hatamwona. Lakini mtaro umewafanya majirani.

Hapa mtu mwenye akili atanizuia. Atasema, mwalimu, huo Mto Nairobi umeharibiwa na maji machafu ya vyoo, na uchafu wa viwanda, na takataka za kila aina. Wewe unahangaika na vipisi? Ni swali la haki. Vipisi havikuuharibu Mto Nairobi peke yake, wala havikuwa wa kwanza katika safu. Lakini sijui ni kwa hesabu gani mgonjwa wa maradhi matano huachwa asitibiwe moja kwa sababu anayo mengine manne. Isitoshe, maradhi mengine ya mto huo yanataka mabomba mapya, mitambo na mabilioni ya shilingi. Hili halitaki hata bomba moja. Lataka sheria ya ukurasa mmoja.

Tena usihukumu kwa udogo wa kipisi. Hukumu kwa wingi wake. Shirika la Afya Ulimwenguni, katika Siku ya Kutovuta Tumbaku ya mwaka 2022, lilitaja kwamba vichungi vipatavyo trilioni 4.5 huchafua bahari, mito, njia za miji, udongo na fukwe kila mwaka. Kwa zaidi ya miaka 30, wanaojitolea kusafisha fukwe katika nchi nyingi waliviokota vipisi kuliko kitu kingine chochote, mpaka mwaka 2019 karatasi na mifuko ya vyakula ilipovipita kwa hesabu.

Nimesema juu ya maji. Sasa niseme juu ya udanganyifu, kwa maana bila udanganyifu huu maji yasingalichafuka hivi. Kiswahili chetu kimekipa kitu hiki jina la heshima: kichungi, kitu cha kuchunga, kama tunavyochunga unga ili makapi yabaki. Yafaa tuulize kinachunga nini.

Sigara za kwanza hazikuwa na vichungi. Katika Marekani, mwaka 1950, sigara zenye vichungi hazikufika hata moja katika kila mia zilizouzwa. Mwaka huo huo Richard Doll na Austin Bradford Hill katika Uingereza, na Ernst Wynder na Evarts Graham katika Marekani, walitangaza utafiti ulioonyesha uhusiano kati ya uvutaji wa sigara na saratani ya mapafu. Wavutaji wakaingiwa na hofu. Mwenye kiwanda angeweza kusema, "Ni kweli, acheni." Badala yake alileta kichungi. Ilipofika mwaka 1960, nusu ya sigara za Marekani zilikuwa nacho, na leo karibu sigara zote za viwandani duniani zinacho. Hofu ya watu ndiyo iliyokizaa kitu hiki na ndiyo iliyokieneza.

Je, kiliwaokoa? Kampuni ya Lorillard iliuza sigara za Kent, ikazisifu kwa usalama, na kati ya mwaka 1952 na 1956 kichungi cha sigara hizo kilikuwa na asbesto, madini ambayo vumbi lake huleta saratani. Mtu alikuwa akikimbia mvua akaingia kisimani. Na mwaka 1953 Claude Teague, mkemia wa kampuni ya R. J. Reynolds, aliwaandikia wakubwa wake kwamba yawezekana kutia katika kichungi dawa ya kukibadilisha rangi moshi unapopita. Dawa hiyo, alisema, pengine isingeongeza nguvu ya kuchunga hata kidogo, lakini faida yake katika kutangaza na kuuza ilikuwa dhahiri. Karatasi hizo za ndani zilifichuliwa kwa umma baada ya kesi za Marekani za miaka ya 1990. Zisome siku moja ukipata nafasi. Zafundisha mengi juu ya namna maneno mazuri yanavyotengenezwa.

Baadaye vikaja vichungi vyenye matundu madogo pembeni, na sigara zikaitwa nyepesi. Moshi ulipopimwa kwa mashine ulionekana kuwa umepungua. Lakini mashine haina uraibu. Mvutaji, nafsi yake ikidai nikotini iliyoizoea, huvuta kwa nguvu zaidi, huuteremsha moshi ndani zaidi, au huyafunika matundu kwa vidole na midomo pasipo kujua. Mwaka 2001 Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ilichunguza ushahidi uliokuwapo, ikasema kwamba mabadiliko hayo ya sigara hayakuleta faida ya maana kwa afya ya umma. Mwaka 2014 taarifa ya Daktari Mkuu wa Serikali ya Marekani ilikwenda mbele zaidi: ikasema kwamba mabadiliko ya muundo wa sigara tangu miaka ya 1950 yameongeza hatari ya aina moja ya saratani ya mapafu kwa wavutaji, na ikayataja matundu ya vichungi miongoni mwa mambo yanayoweza kuwa sababu.

Basi tumefika mahali pa ajabu. Plastiki hii hatuitupi mitoni kama bei ya kuokoa maisha. Tungeweza kubishana kwa uchungu kama ingekuwa hivyo, kwa maana maisha ya mtu na maisha ya samaki si vitu vya kupimwa ovyo katika mizani moja. Lakini hapana maisha yanayookolewa. Kitu kisichomlinda mvutaji kinamdhuru asiyevuta. Kinachofanya hasa ni kuulainisha moshi ili usikwaruze koo, jambo ambalo humsaidia mtu mmoja tu: kijana anayejifunza kuvuta. Hapo, msomaji, nimekugusa wewe na umri wako, nami napita upesi, maana insha hii ni ya maji.

Wapo watakaosema dawa ni kuongeza majivu-dani mijini na kuwatoza faini wanaotupa ovyo. Maneno haya huwapendeza sana wenye viwanda, na ukiona mshtakiwa anapenda hukumu, itazame tena hukumu hiyo. Kwa miaka mingi kampuni za sigara zimegharamia vyombo vya mfukoni vya kuwekea vipisi na kampeni za usafi, na lawama yote ikabaki katika vidole vya mvutaji. Simtetei mvutaji. Aliyetupa ametupa. Lakini pima mwenyewe: mmoja hutengeneza kitu cha plastiki chenye kukusanya sumu, ambacho kazi yake huisha kwa dakika chache, ambacho hakuna awezaye kukitumia tena, na ambacho mwenyewe hataki kurudi nacho nyumbani kwa sababu kinanuka. Mwingine hukitupa. Wewe ungemwita nani kwanza mbele ya baraza?

Wengine wataleta habari ya vichungi vipya vinavyooza. Navyo vikiisha kuvutwa vimejaa nikotini ile ile, na dakika 27 za mvua hazingoji kichungi kioze. Nahofia tena kwamba mtu aliyeambiwa kwamba kipisi chake huoza atakitupa kwa moyo mweupe zaidi. Na juu ya kodi na kazi za watu, jibu ni fupi: sikutaja kuifunga biashara ya sigara. Sigara ziliuzwa bila vichungi kwa miongo mingi, na wenye viwanda hawakufa njaa.

Nchi nyingine zimeanza kwa njia ya nusu. San Francisco iliweka mwaka 2009 ada ya senti 20 za dola kwa kila pakiti ili kulipia usafishaji wa vipisi. Umoja wa Ulaya, kwa sheria yake ya mwaka 2019 juu ya plastiki zinazotumiwa mara moja, ulitaka pakiti za sigara zitangaze kwamba ndani mna plastiki, na watengenezaji walipie gharama za kusafisha. Hispania imekwisha kuwatwika mzigo huo tangu mwaka 2023. Hatua hizi ni afadhali kuliko kukaa kimya. Kasoro yake ni kwamba zinalipia kuokota, na mvua haimngoji mwokotaji.

Sisi Wakenya tunayo njia nzima, na tumekwisha kuipita mara moja. Tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku katika nchi hii. Adhabu ilikuwa kali: faini ya kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4, au kifungo cha kati ya mwaka 1 na miaka 4. Kabla ya siku hiyo tuliambiwa kwamba soko litasimama, kwamba mama muuza nyanya hatajua afunge kwa nini. Siku ikafika. Watu wakatoa vikapu na viondo darini, na nyanya zikauzwa. Tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumiwa mara moja zikakatazwa pia katika mbuga, misitu na fukwe zinazohifadhiwa. Mgeni aingiaye mbugani hunyang'anywa chupa ya maji ya plastiki, na huo ni utaratibu mwema. Lakini nikitaka kusema kwa haki, kichungi nacho ni plastiki ya kutumiwa mara moja, na sijaona mtu akipekuliwa pakiti yake ya sigara langoni.

Sheria ya mwaka 2022 ya usimamizi wa taka nayo imetamka kwamba anayetengeneza bidhaa ana wajibu juu ya taka yake. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 42, yampa kila mtu haki ya mazingira safi, na katika kifungu cha 43 haki ya maji safi na salama. Na ilikuwa papa hapa Nairobi, Machi 2022, ambapo mataifa yalikubaliana kuandika mkataba wa dunia juu ya plastiki. Mkutano wa Geneva wa Agosti 2025 ulivunjika bila mapatano. Nchi iliyotoa ukumbi wa kuanzia haina sababu ya kuketi ikingoja wanaovutana Geneva wamalize.

Ukiwa na shaka juu ya niliyoyaeleza, usiniamini kwa kuwa mimi ni mwalimu. Okota kipisi kwa kipande cha karatasi, si kwa vidole, ukitie katika chupa nyeupe yenye maji ya lita moja, ufunge kifuniko, uiweke juu ya dirisha la darasa mbali na watoto wadogo. Iandikwe "Sumu" kwa herufi kubwa. Asubuhi tazama rangi ya maji. Mwombe mwalimu wa kemia awaeleze darasa zima kilichotoka, kisha achukue chupa hiyo yeye mwenyewe. Msiimwage mtaroni, kwa maana mtakuwa mmetenda lile lile.

Kisha kuna kazi ya kalamu. Kifungu cha 119 cha Katiba chasema kila mtu ana haki ya kupeleka ombi Bungeni. Hakikusema kila mpiga kura, wala hakikusema kila mwenye kitambulisho; kimesema kila mtu, na mwanafunzi wa kidato cha pili ni mtu. Ombi hupelekwa kwa karani wa Bunge. Halihitaji maneno mengi. Liombe kwamba kichungi cha plastiki kitajwe kwa jina miongoni mwa plastiki zilizokatazwa, kwamba viwanda na waagizaji wapewe muda maalumu kama ule waliopewa wa mifuko, na kwamba faini imwangukie anayekitengeneza na anayekiingiza kabla ya kumwangukia muuza kibanda. Litiwe sahihi na darasa zima, na mbele ya kila jina liandikwe jina la mto au kisima ambacho nyumba ya mwanafunzi huyo huteka maji.